Kumfundisha Mgeni Mchezo wa Kete na Karata

Jumapili alasiri, katika mitaa ya upande wa mashariki wa Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hata Buruburu na Umoja, nyumba nyingi hupata wageni. Jamaa wametoka kanisani, jirani amekaribishwa chai, shemeji amefika kutoka nyumbani na kuku wake, na chumba ambacho siku za kazi hukaliwa na watu wanne sasa kina watu kumi na wawili. Chakula huliwa, habari za mvua na mahindi huulizwa, watoto huambiwa waende nje wakacheze. Kisha, yapata saa kumi, maneno huisha. Mmoja hutoa simu yake mfukoni, wa pili humfuata, na mwenye nyumba, aliyenunua nyama na soda ili watu wakae pamoja, huona wageni wake wakiwa katika chumba kimoja lakini kila mtu mahali pake.

Hapo mwenye nyumba apendaye michezo huondoka akaleta ubao wa drafti, au ludo, au karata. Naye hutazamia furaha. Walakini, mara nyingi, nusu ya wageni huanza kutafuta viatu vyao.

Jambo hili laonekana dogo, nalo si dogo. Katika mitaa hiyo watu hushiriki ukuta mmoja, mfereji mmoja na lango moja, nao wametoka wilaya mbalimbali na lugha mbalimbali. Mama mmoja aweza kuanika nguo karibu na mwenzake kwa muda wa miaka miwili, asijue jina lake ila kwa jina la mtoto. Mchezo ni mojawapo ya vitu vichache viwezavyo kuwakalisha watu wa namna hiyo kwa saa nzima bila kuwataka wawe wa kanisa moja, au chama kimoja, au kabila moja. Lakini kitu kile kile kiwezacho kuwaunganisha chaweza pia kuwafukuza. Mgeni aliyechekwa mbele ya watu kwa sababu hakujua kete iende wapi hatagomba wala hatanung’unika. Atacheka pamoja nao, atashukuru kwa chai, na siku atakapoalikwa tena atakuwa na kazi.

Wenyeji wa mitaa hiyo wana desturi ya zamani ya kukusanyika. Kaloleni ulipojengwa katika miaka ya 1940, nyumba zake zilipangwa kulizunguka jumba la mikutano, na jumba lile, pamoja na Jumba la Ukumbusho la Pumwani, likawa mahali pa densi, ndondi na hotuba za siasa. Drafti haikuhitaji jumba. Ilitaka kipande cha ubao kilichochorwa miraba, vifuniko kumi na viwili vya chupa za soda vilivyolala chali na kumi na viwili vilivyolala kifudifudi, na kivuli. Mpaka leo mtu apitaye karibu na kituo cha matatu au kibanda cha fundi viatu atawakuta wanaume wawili wameinama juu ya ubao wa namna hiyo, na wengine sita wamesimama nyuma yao wakitoa mashauri ambayo hawakuombwa.

Lakini wale wa kibandani ni watu wa mchezo. Habari hii ni juu ya wengine, yaani wale wasemao, “Sisi hatujui michezo.”

WASEMAO HAWAJUI

Neno hilo aghalabu si kweli. Mwanamke mzee aliyefika juzi kutoka Murang’a atasema hajui mchezo wo wote wa mezani, na pengine alipokuwa msichana aliwatazama kaka zake wakicheza giuthi kwa vijiwe katika mashimo yaliyochimbwa ardhini. Mjaluo wa Siaya ameiona ajua. Mmasai ameiona enkeshui. Mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja amekua akisikia kete za bao zikigonga mbao barazani. Michezo hiyo yote ni ndugu, kwani katika kila mmoja mchezaji huchota kete katika shimo moja akazipanda moja moja katika mashimo yafuatayo, kama mkulima apandavyo mbegu. Tofauti ni katika hesabu ya mashimo na katika sheria za kuteka.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye nyumba lisiwe, “Je, wajua kucheza?” Swali hilo ni mtihani, na mtu mzima hapendi kufanyiwa mtihani nyumbani mwa watu. Afadhali aulize, “Huko kwenu mlicheza nini?” Bibi yule wa Murang’a ataanza kueleza mashimo yalikuwa mangapi, kijana wa Siaya atampinga kwa heshima na kusema kwao yalikuwa hivi, na kabla ya ubao kufunguliwa watu wawili wasiojuana wamekwisha anza mazungumzo. Pengine mazungumzo hayo yatatosha, na ubao usihitajiwe kabisa. Mwenye nyumba asisikitike. Hakuwaita watu kwa ajili ya ubao.

Ikiwa wageni wamevutwa na habari za bao, mwenye nyumba mwenye kulipenda bao atashawishika kulileta pale pale. Na angoje kidogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, ambazo mara nyingi ni mbegu za komwe. Mwanzoni kila mchezaji huweka ubaoni kete kumi tu, sita katika nyumba yake na mbili mbili katika mashimo mawili ya karibu, naye hubaki na ishirini na mbili mkononi. Sehemu ya kwanza ya mchezo ni kunamua, yaani kuingiza zile za mkononi moja moja. Zikiisha ndipo huanza mtaji. Kuna sheria za kichwa na kimbi, sheria za kutakata, na sheria za nyumba ambazo hata wachezaji wa miaka mingi hubishania. Mtaalamu mmoja Mholanzi, Alexander de Voogt, alikaa na mabingwa wa Unguja, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya jinsi akili zao zifanyavyo kazi. Mchezo ulioandikiwa kitabu kizima hauwezi kufundishwa kati ya wali na chai.

Hata hivyo wenye bao wenyewe waliiona shida hiyo zamani, nao wana bao la kujifunza. Katika hilo kete zote huwekwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo, wala hapana za mkononi. Mgeni hujifunza kupanda na kuteka tu. Watu waliobuni mchezo mgumu namna ile hawakuona haya kuwatengenezea wageni mlango mwepesi, na mpenda michezo wa Nairobi anayetaka kumwaga sheria zote kwa pamoja yafaa alifikiri jambo hilo.

MCHEZO GANI UANZE

Jambo la kwanza la kutazama ni muda. Mchezo wa kwanza uwe ule ambao mgeni ataumaliza, ameshinda au ameshindwa, kabla chai yake haijapoa. Mtu akishindwa baada ya dakika kumi husema, “Nimeelewa sasa, tupige tena.” Akishindwa baada ya saa nzima husema usiku umeingia na matatu zitapungua.

La pili ni idadi ya viti. Drafti na bao ni michezo ya watu wawili, na katika chumba cha watu kumi na wawili huwaacha kumi wakitazama ukuta. Ludo huchukua wanne. Karata huchukua watano au sita, na watu wakikaa wawili wawili, kila jozi na mkono mmoja wa karata, zaweza kuwatosha wote.

La tatu husahauliwa na wengi, nalo ndilo zito. Mchezo usifunue jambo ambalo mgeni hulificha. Wako watu wazima, wafanyakazi hodari na wazazi wenye heshima, ambao kusoma kwao ni kwa shida, au hawakupata shule kabisa. Katika maisha ya kila siku wamejifunza njia nyingi za kulifunika jambo hilo. Husema wamesahau miwani, au humpa mtoto barua asome “ili ajizoeze”. Mchezo wa kupanga maneno, kama Scrabble, huwaondolea kifuniko hicho mbele ya majirani wote. Si kwamba mchezo wenyewe ni mbaya. Ulibuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930, na mwaka 2015, huko Perth katika Australia, Mnijeria Wellington Jighere alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wake wa dunia kwa lugha ya Kiingereza, jambo lililowafurahisha watu wa Afrika nzima. Lakini katika chumba chenye wageni wa namna zote, mchezo huo humgawia kila mtu cheti cha shule, na wengine cheti hicho ni cheupe. Maswali ya kujibiwa kwa maandishi, na michezo yenye kadi zilizojaa maelezo ya Kiingereza, ni hali moja.

Hali kadhalika mambo ya dini. Wako Wakristo walioonywa tangu utoto kwamba karata ni kitabu cha shetani, na wako Waislamu wanaojizuia na mchezo wo wote wa dadu. Mwenye nyumba asibishane nao wala asiwaambie ya kuwa hizi ni karatasi tu. Drafti haina karata wala dadu, na bao vilevile. Aweke hiyo mezani, akamalize maneno. Mgeni aliyeshinda mabishano ya dini na mgeni aliyeshindwa, wote wawili hawatacheza vizuri.

KADI YA NAIROBI

Kwa wageni wasiokataa karata, mchezo ufaao kuanza nao ni ule ambao watu wa Nairobi huuita kadi. Wengine huuita poka, ingawa hauna uhusiano hata kidogo na poka ya Wamarekani. Majirani wa Uganda wana ndugu yake, nao huuita matatu. Karibu kila kijana wa Eastlands aujua, na kwa sababu hiyo hiyo huufundisha vibaya, maana amesahau ni lini yeye mwenyewe hakuujua.

Msingi wake ni mwepesi. Kila mchezaji hupewa karata nne. Zilizobaki hulazwa kifudifudi katikati, na moja hufunuliwa. Kila mtu kwa zamu yake hutupa karata iliyo sawa na ile ya juu, ama kwa alama, ama kwa namba. Asiye nayo huokota moja. Anayemaliza karata zake kwanza ndiye mshindi.

Mgeni hahitaji kuambiwa zaidi ya hayo ili aanze, na mwenye nyumba mwenye busara hukomea hapo. Lakini kijana mjuzi hakomei hapo. Yeye huvuta pumzi akasema kwa mkupuo mmoja ya kuwa mbili humfanya anayefuata aokote mbili, na tatu humfanya aokote tatu, jeki humruka mtu, mfalme huurudisha mzunguko ulikotoka, nane na malkia ni maswali, na aliyeuliza sharti ajijibu mwenyewe kwa karata nyingine, esi huizuia adhabu na hubadilisha alama, hapana ruhusa kumaliza kwa karata hizo za nguvu, na anayekaribia kumaliza sharti atangaze, “Niko kadi!” kabla ya zamu yake ya mwisho, akisahau amejiharibia. Yote hayo ni kweli. Lakini shangazi aliyeketi kwenye kiti cha pembeni ameshika karata zake nne kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshike, naye amesikia neno “adhabu” mara mbili.

Njia bora ni kuzileta sheria hizo moja moja, mchezo baada ya mchezo. Mchezo wa kwanza uchezwe karata zote zikiwa wazi mezani, kila mtu akiziona za mwenzake, na usihesabiwe. Hapo mgeni huona kwa macho jinsi moyo hufuata moyo na saba hufuata saba. Mchezo wa pili karata zifichwe, na sheria iliyoongezwa iwe moja tu, ile ya mbili na tatu, kwa sababu ndiyo iletayo kicheko upesi: mtu mzima akitupiwa tatu na jirani yake, akaokota, huanza kumtafutia jirani huyo kisasi, na tangu hapo hahitaji kubembelezwa abaki. Jeki na mfalme wafuate. Maswali ya nane na malkia yangoje hadi mwisho, maana ndiyo yaleteayo ugomvi hata kwa wazoefu.

Na ugomvi utakuja, kwa kuwa mtaa na mtaa una sheria zake. Mtu wa Dandora atasema adhabu yaweza kupitishwa kwa mwingine. Mtu wa Jericho atasema kwao haipitishwi. Mgeni mpya akiwasikia wajuzi wawili wakishindana kwa sauti juu ya sheria, huamini ya kuwa mchezo huo hauwezi kueleweka na mtu. Basi kabla ya karata kugawanywa mwenye nyumba na aseme, “Hapa kwangu tunacheza hivi,” kisha asikubali rufani. Akienda Dandora atacheza kwa sheria ya Dandora.

Hapa pana jambo dogo la kupendeza. Vijana wa Nairobi huzitaja alama za karata kwa picha zake au kwa Kiingereza, lakini mzee wa pwani, au mzee wa Pumwani aliyelelewa na watu wa pwani, atazitaja kopa, uru, pau na shupaza. Majina hayo ni ya Kireno, nayo yamebaki katika Kiswahili tangu siku zile Wareno walipoitawala Mombasa, kabla Waarabu wa Omani hawajawatoa Fort Jesus mwaka 1698. Hata turufu ni neno la Kireno. Mzee wa namna hiyo akikaa kimya mezani, aulizwe majina ya karata. Pengine atakumbuka wahedi wa sitini wa ujanani mwake, na vijana ndio watakaokuwa wanafunzi.

NANI AFUNDISHE

Mwalimu awe mmoja. Katika nyumba nyingi huwa watano. Mmoja aeleza kwa Kiswahili, wa pili atafsiri kwa Kikuyu au Kijaluo, wa tatu anyosha mkono akaitupa karata ya mgeni kwa niaba yake, “Tupa hii, tupa hii!” Huyu wa tatu ndiye adui mkubwa wa mchezo. Mgeni ambaye karata zake zimechezwa na mkono wa mtu mwingine hakucheza. Alikuwa meza ya pili. Afadhali akosee kwa mkono wake mwenyewe.

Tena mwalimu huyo aketi ubavuni pa mgeni, asiketi mbele yake, ili waangalie mkono mmoja pamoja kama watu wasomao barua moja. Na kwanza kabisa aseme jinsi mtu anavyoshinda. Wengi huanza na historia ya mchezo, kisha majina ya vipande, kisha mwendo wa kila kipande, na shabaha ya yote hutajwa mwishoni. Msikilizaji hawezi kuyashika mambo ambayo hajui ni ya kazi gani.

Mara nyingi mwalimu aliye bora ni mtoto. Mfano maarufu watoka Kampala. Katika kitongoji cha Katwe, Robert Katende aliwakusanya watoto maskini na kuwafundisha sataranji, mchezo ambao wengi wao hawakuwa wameusikia, na kila aliyekuja alipewa uji. Mwaka 2005 msichana mmoja, Phiona Mutesi, alimfuata kaka yake akafika pale, na aliyewekwa kumfundisha miendo ya vipande alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye mwenyewe. Phiona hakujua kusoma vizuri wakati ule. Mwaka 2010 alikwenda Khanty-Mansiysk katika Urusi kuichezea Uganda katika mashindano ya mataifa, na mwaka 2012, baada ya mashindano ya Istanbul, alipata cheo cha sataranji cha kimataifa. Habari zake ziliandikwa kitabu, kisha zikafanywa filamu mwaka 2016.

Watu wakiisimulia habari hiyo husema zaidi juu ya Urusi na Istanbul. Lakini mwenye nyumba mwenye wageni wake aangalie ule mwanzo, yaani uji na mwalimu mdogo. Mtoto hamwogopeshi mtu. Akimwambia bibi, “La, nyanya, farasi haendi hivyo,” chumba chote hucheka, na bibi hucheka kuliko wote. Kijana wa miaka ishirini na mitano akisema neno lile lile, ni ukosefu wa adabu. Vilevile mtoto aliyefukuzwa nje saa nane arudishwe saa kumi, apewe kazi hiyo, naye ataifanya kwa bidii kubwa.

DRAFTI NA MATATA YAKE

Drafti yataka uangalifu wa namna yake. Kwa sheria ni rahisi, lakini bahati haimo kabisa, na kwa hiyo mjuzi humshinda mgeni mara kumi katika kumi. Tena drafti ya mitaani ina desturi ya matusi ya mchezo: mshindi humwambia mwenzake akanunue akili dukani, aende akachunge mbuzi, na mengine. Wazoefu huyapenda maneno hayo kuliko kete zenyewe. Mgeni hajui ya kuwa ni desturi. Yeye adhani ametukanwa.

Kwa hiyo mjuzi na aanze na kete nane, mgeni aanze na kumi na mbili. Si aibu. Au wageni wawili washauriane kwa sauti juu ya kila mwendo, naye mjuzi acheze peke yake, asikie njama zao zote. Jambo hilo lachekesha, nalo huupunguza ustadi wake kidogo. Sheria ya kingi, kama arukaruka ubaoni kote au aenda hatua moja moja, na sheria ya kula, kama ni lazima au ni hiari, zikatwe kabla ya mwendo wa kwanza. Tena mjuzi asimruhusu mgeni kushinda kwa makusudi. Watu wazima hutambua wanapoachiwa, na kuachiwa huwauma kuliko kushindwa.

Ludo haina matata hayo, kwani dadu haimjui mjuzi. Mchezo huu, ambao asili yake ni pachisi ya Bara Hindi na ambao Waingereza waliupa hati ya umiliki mwaka 1896, ni rafiki wa kila nyumba, ingawa mtu aweza kungoja sita kwa muda mrefu mno, na wanne wakiwa wagumu waweza kukesha. Keramu nayo ni nzuri sana penye nafasi. Lakini ubao wake hujaa chumba, na kete hulalia ukutani na chini ya kitanda.

WANAWAKE, WAZEE, NA FEDHA

Iko kasoro moja ambayo huonekana katika karamu nyingi, wala haitokani na sheria za mchezo wo wote. Wanaume huketi mezani, ubao hufunguliwa, na wanawake wako jikoni wanaosha vyombo vya watu kumi na wawili. Baadaye husemwa kwamba wanawake hawapendi michezo. Mwenye nyumba akitaka kujua kama ni kweli, na avioshe vyombo kwanza, yeye na vijana wake, au aviache vyote katika beseni hadi jioni. Kisha alete karata. Huenda akashangaa. Mtu atunzaye vitabu vya chama cha akina mama na kukumbuka bila daftari nani amelipa na nani hajalipa, hesabu ya karata zilizokwisha tupwa haimsumbui.

Wazee wapewe mahali pa heshima, lakini wasilazimishwe. Mkwe asiwekwe dhidi ya mkwewe, kwa sababu kuna nyumba ambamo kijana hawezi kumrudishia baba mkwe karata ya adhabu bila kutetemeka. Wakae upande mmoja. Anayetaka kutazama tu aachwe atazame, apewe kazi ndogo, kama kuandika hesabu au kuchanganya karata, na katika mzunguko wa tatu aulizwe tena mara moja. Asiulizwe mara ya pili.

Fedha zisiingie mezani, hata shilingi kumi kumi “za kuleta ladha”. Wengi wa wageni hao wana jamaa ambaye mshahara wake umeliwa na kamari, na mama mwenye nyumba apangaye fedha za kodi ajua yeye peke yake shilingi kumi kumi ni ngapi. Tena penye fedha sheria hukazwa, makosa ya mgeni hayasamehewi, na yule asiyejua ndiye alipaye. Mwenye kutaka zawadi na aweke karanga, au yule wa mwisho akachemshe chai ya pili.

Mchezo ukomeshwe wakati watu wangali wanautaka. Mwenye nyumba aseme mapema, “Huu ni wa mwisho,” na uwe wa mwisho kweli, hata kama kijana mmoja ameshindwa mara tatu na adai haki yake. Kijana huyo atarudi Jumapili ijayo.

Kisha, kabla wageni hawajasimama, vitu vihesabiwe: karata 52, vifuniko vya drafti 24, dadu moja. Afadhali zihesabiwe mbele ya wote na kwa mzaha, watoto wakifunguliwa viganja. Kwani kifuniko kimoja cha soda kikipotea chaweza kuokotwa kingine barabarani, lakini pakiti ya karata iliyokosa saba ya kopa haitambuliki mpaka siku nyingine, katikati ya mchezo, mezani pa wageni wengine.